Usimcheke ndugu yako siku aliyofungwa



Jumapili ya Juni 29, 2025, ibada ya kwanza katika usharika wetu hapa Dodoma ilipokwisha, watu hawakuwa wamemaliza kupeana mikono nje ya kanisa na tayari mazungumzo yalikuwa yamehamia Zanzibar. Siku hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, Yanga dhidi ya Singida Black Stars, katika Uwanja wa New Amaan Complex. Nimeishi mji huu miaka ya kutosha kujua kwamba siku kama hiyo mhubiri wa ibada ya pili ana kazi ya kuwafanya watu wamsikilize. Na mhubiri wa ibada ya pili, kwa zamu ya wazee wa kanisa, nilikuwa mimi.

Singida si Dodoma, lakini si mbali na mioyo yetu. Barabara ni moja, kilomita kama 240 kupitia Bahi na Manyoni, ukame wetu ni mmoja, na hakuna ukoo wa Kigogo ninaoujua ambao haujaoa au kuolewa kwa Wanyaturu au Wanyiramba. Karibu nusu ya vijana wa kwaya yetu wametokea Manyoni, Ikungi na Iramba. Kwa hiyo nilipopanda madhabahuni niliona njia rahisi. Nilihubiri Daudi na Goliathi. Nilisema Goliathi wa leo amevaa kijani na njano, anakula vizuri, ana mabasi ya kifahari, na bado kijiwe kimoja kinamtosha. Kanisa lilicheka, likapiga makofi, na vijana wa nyuma wakapiga vigelegele. Nilishuka nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Matokeo mnayajua. Yanga walishinda mabao 2-0. Bao la kwanza alifunga Duke Abuya, la pili Clement Mzize, na kombe likaenda Jangwani kwa mwaka wa nne mfululizo.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba mimi ni Simba. Mnaweza kushangaa Simba anatafuta nini kwenye machungu ya Singida, hasa ukikumbuka kwamba ni Singida haohao waliotutoa kwenye nusu fainali pale Babati, Mei 31, kwa mabao 3-1. Jibu si la kujivunia. Siku nne kabla ya fainali, Juni 25, Yanga walitufunga mabao 2-0 katika mechi ya ligi iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi, wakachukua na ubingwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumepoteza fainali ya Afrika mbele ya RS Berkane ya Morocco. Tulikuwa na donge. Kwa hiyo Jumapili ile mamia ya Simba wa Dodoma tuligeuka Singida kwa siku moja. Hatukuipenda Singida, tulitaka tu Yanga aumie. Katika kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe nilikopita baada ya ibada, nilihesabu jezi nyekundu nyingi kuliko za Singida zenyewe, zote zikiishangilia Singida. Nadhani hata Mnyaturu halisi aliyekuwepo pale alijiona mgeni.

Usiku ule simu hazikulala. Yanga walituma picha za kila aina. Katika kundi la WhatsApp la kwaya, mmoja wa waimbaji wetu, Yanga wa damu, alituma katuni ya Goliathi ameketi juu ya Daudi anakunywa chai, na chini yake akaandika kwamba mhubiri wa ibada ya pili atoe maelezo. Ilichekesha kweli. Nilicheka mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikaituma na kwenye kundi la wazee. Hakuna aliyeona kwamba kijana mmoja wa sauti ya tatu aliondoka kwenye kundi la kwaya usiku uleule.

Jumatano hakuja mazoezini. Alhamisi mwenyekiti wa kwaya alinipigia akasema, "Mzee, kijana wetu wa bodaboda simu haipokei, na mwenye pikipiki anamtafuta kwa sababu ya hesabu. Nenda wewe, sisi tunamwogopesha." Nilikwenda. Nimepewa ruhusa ya kusimulia, bila jina.

Nilimkuta chumbani kwake, mlango umefungwa nusu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Kisha tukakaa kimya muda mrefu. Nje upepo wa Julai ulikuwa unatimua vumbi, ule upepo wetu unaoingia hata kwenye ugali. Mwishowe akasema. Mama yake, huko Ikungi, alikuwa ameuza alizeti ya mwaka huu na kumtumia shilingi 180,000 kwa simu. Si zake. Ni za mdogo wake wa kike aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano, na wiki hii wanaanza kuripoti shuleni. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, tunaishukuru Serikali kwa hilo, lakini godoro halijafutwa, wala sare, wala karatasi, wala nauli ya binti anayepangiwa shule mkoa wa mbali. Kaka mtu ndiye aliyetakiwa kununua vitu Dodoma kwa sababu huku bei ina nafuu.

Alichukua 150,000 kati ya hizo akaziwekea mkeka Singida washinde. Singida walikuwa wanalipa vizuri, kwa sababu hakuna aliyewapa nafasi.

Nilimuuliza lini. Akasema Jumapili, baada ya ibada, akiwa amekaa kwenye ukuta wa kanisa. Kisha akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nimeingia. "Mzee, si wewe uliyesema kijiwe kimoja kinatosha?"

Ndugu msomaji, nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu na nimewahi kulaumiwa kwa mengi, lakini hili sikuwa na pa kulipeleka. Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa natania. Ningeweza kumwambia kwamba kubeti ni dhambi na ni upumbavu, na yote mawili ni kweli kwa maoni yangu. Nimeona nyumba hapa mjini zinazokula mara moja kwa siku kwa sababu baba ana uhakika na mechi za Jumamosi. Lakini alikuwa amenisikia vizuri. Nilikuwa nimemwambia, kwa jina la Mungu na mbele ya madhabahu, kwamba timu fulani ina Mungu upande wake. Yeye aliniamini zaidi kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma 1 Samweli, sura ya 4. Sisi wahubiri tunaikimbia sura ile, tunaruka kwenda sura ya 17 alipo Daudi. Israeli wanapigana na Wafilisti, wanapigwa, watu kama elfu nne wanakufa. Wazee wanakutana na kuuliza swali zuri kabisa, kwa nini tumeshindwa leo. Lakini hawasubiri jibu. Wanasema Sanduku la Agano liletwe kutoka Shilo. Linapofika kambini, watu wanapiga kelele mpaka ardhi inatikisika. Ukisoma polepole unasikia kabisa uwanja uliojaa. Wafilisti wenyewe wanaogopa. Kisha mechi inachezwa, na Israeli wanapigwa vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza, elfu thelathini wanaanguka, Sanduku linatekwa, Hofni na Finehasi wanauawa. Wafilisti walijua kupigana na siku ile walipigana. Israeli walileta Sanduku mahali pa toba na mahali pa maandalizi. Na wazo la kulileta lilitoka kwa wazee wa watu, si kwa vijana wa jeshi. Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa muda.

Daudi mwenyewe hakuwa kama nilivyomhubiri. Yule kijana alikuwa ametumia miaka porini na kombeo; simba na dubu aliowataja mbele ya Sauli walikuwa mazoezi yake. Alikataa silaha za Sauli kwa sababu hakuwa amezijaribu. Anayemsoma Daudi kama ruhusa ya kutojiandaa anasoma kitabu kingine.

Turudi kwenye mpira, maana nao una ukweli wake. Kombe hili liliporejeshwa msimu wa 2015/16, wengi tulifurahi kwamba timu ndogo za mikoani zitapata mlango. Tangu hapo mpaka mwaka 2025 lilichezewa fainali kumi. Yanga, Simba na Azam walichukua tisa. Mara moja tu lilitoka nje ya hao watatu, mwaka 2018, Mtibwa Sugar waliposhinda 3-2 pale Arusha. Na waliofungwa siku hiyo walikuwa nani? Singida United. Hata ule mwaka mmoja ambao mlango ulifunguka, Singida walikuwa upande wa nje. Miaka mitano baadaye Singida Big Stars walifika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Januari 2023, wakafungwa 2-1 na Mlandege ya Zanzibar. Sasa hii ya Jumapili. Fainali tatu, majina matatu, machungu yaleyale.

Mwaka 2017 fainali ya kombe hili ilichezwa hapahapa kwetu, Uwanja wa Jamhuri, Simba na Mbao ya Mwanza. Mbao walikuwa wamewatoa Yanga kwenye nusu fainali, na wakatupeleka muda wa nyongeza, tukashinda 2-1 kwa penalti ya mwisho kabisa ambayo mpaka leo watu wa Mwanza hawaikubali. Nilikuwepo jukwaani. Nilipokuwa natoka nikishangilia nilimpita mzee mmoja amekaa chini karibu na geti, amefunga kitambaa cha Mbao kichwani, anakula karanga moja moja kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Nilimpungia vidole viwili na kimoja, kumkumbusha mabao. Alinitazama tu. Nilidhani nimeshamsahau.

Sitaki kumfanya Singida mtakatifu. Tukitaka hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, ile Nathani aliyomsimulia Daudi, vipande vyake tunavyo. Abuya aliyefunga bao la kwanza aliwahi kuvaa jezi ya Singida. Aliyekuwa kocha wa Yanga siku hiyo, Miloud Hamdi, alikuwa wa Singida kabla ya kuhamia Jangwani Februari 2025. Mwenye nguvu huchukua mchezaji, kisha huchukua kocha, mwisho huchukua kombe. Lakini Singida Black Stars yenyewe ni Ihefu iliyohamishwa kutoka Mbarali mwaka 2024. Kuna watu kule Mbeya walioamka wakakuta timu waliyoilea imekwenda kuishi kilomita mamia kutoka kwao, na jina limebadilishwa. Na watu wa Singida nao walikuwa wametoka kufanyiwa hivyohivyo, kwa sababu Big Stars yao ilikuwa imegeuka Fountain Gate na kuondoka. Sijui kama Nathani angejua amnyooshee nani kidole. Na walimaliza ligi wakiwa nafasi ya nne, walitufunga sisi mabao matatu, si vifaranga.

Kinachonisumbua zaidi ni namna tunavyocheka. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na neno hilo tunalitumia kama kibali cha kusema lolote. Lakini utani wetu wa kweli, wa makabila, una sheria zake. Mtani akifika msibani anaweza kukufanya ucheke huku machozi yanatoka. Anaiga sauti ya marehemu, anadai alikuwa anadaiwa, anakataa jeneza lisipite mpaka alipwe. Mgeni asiyejua mila anaweza kudhani ni wazimu. Ila huyohuyo ndiye aliyefika mapema, ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyeteka maji na kukoroga ugali wa waombolezaji. Kicheko chake kinatoka kwenye mikono iliyoshika jembe. Utani wetu wa simu umebaki na kucheka, jembe umeliacha. Unatuma katuni saa tatu usiku, saa tatu na nusu umelala, hujui kule ilikotua imetua juu ya nini.

Obadia ni kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, sura moja, na wengi wetu hatujawahi kukihubiri. Karibu chote ni kesi ya Edomu. Ukiangalia mashtaka, lipo la kushiriki uporaji, lakini kabla ya hilo lipo la kusimama pembeni na kufurahi. Yakobo alipigwa na adui mkubwa kumzidi, na ndugu yake Esau akatazama kwa raha. Sikuwahi kufikiri kwamba kutazama kwa raha kunaweza kuandikwa katika hati ya mashtaka. Nilifikiri ni jambo dogo, la kibinadamu, la mpira.

Kuna ndugu wataniambia nimekuza mambo. Kijana alibeti kwa akili yake. Hakuna aliyemshika mkono. Ni kweli, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Wengine watasema tuache mpira kabisa, ni wa dunia. Hapo sikubaliani. Nimeona vijana wa Nkuhungu walioacha gongo kwa sababu kulikuwa na mpira wa kuchezwa saa kumi jioni. Na ushindi wa Babati uliwapa watu wa Singida juma moja la kutembea vifua mbele, jambo ambalo sisi wa Simba, tulioumia siku ile, hatukuwa na haki ya kuwanyima. Siwezi kusema Mungu hakufurahi nao. Ninachoweza kusema ni kwamba sitapanda tena madhabahuni kumpangia upande.

Ijumaa niliwaita vijana wa kwaya, nikamwomba yule kijana kama ataridhia niwaeleze. Aliridhia kwa sharti kwamba asiwepo. Niliwaeleza kuhusu fedha za alizeti, na niliwaeleza kuhusu mahubiri yangu, na hili la pili lilikuwa gumu zaidi. Yule Yanga wa katuni hakusema neno. Alitoka nje, nikadhani amekasirika. Alirudi baada ya nusu saa na godoro jipya kichwani, la futi mbili na nusu, alilolikopa dukani kwa mjomba wake Majengo. Akaliegemeza ukutani karibu na kinanda. Akasema, "Mwambieni bado nitamcheka. Ila kwanza dada yake alale." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kilikuwa kicheko tofauti na kile cha Jumapili.

Mimi nimechangia sehemu yangu, na si mchango, ni deni. Hadi jana jioni kilichopatikana ni shilingi 95,000 mbali na godoro. Sare bado. Mama yake Ikungi hajaambiwa; kijana anataka kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, na amepata nafasi kwenye basi la kesho asubuhi. Mwenye pikipiki amekubali kusubiri hesabu mpaka Jumatano. Jana mazoezini hakuja, lakini wakati tunafunga kanisa niliona pikipiki yake imeegeshwa ng'ambo ya barabara, taa imezimwa, na yeye amekaa juu yake akiwasikiliza wenzake wakirudia sauti ya tatu, ambayo bila yeye haikuwa inakaa vizuri.